Reli Isiyopita Kitui

Mwenye kuitazama ramani ya reli ya Kenya ataona kwamba mstari unaotoka Mombasa kuelekea Nairobi unaiambaa nchi ya Wakamba upande wa kusini. Unapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Simba, Emali, Sultan Hamud na Kima, vituo ambavyo leo karibu vyote vimo katika Kaunti ya Makueni, kisha unashika njia ya Konza na Athi River. Kitui haimo. Haikuwamo mwaka 1896 chuma cha kwanza kilipolazwa Mombasa, wala haikuwamo mwaka 2017 ilipozinduliwa reli mpya. Hata makaa ya mawe yaliyogunduliwa katika bonde la Mui, ndani ya Kitui yenyewe, hayajapata behewa la kuyabeba.

Si kwamba watu wa Kitui hawakuijua safari. Kabla ya reli, misafara ya pembe za ndovu iliondoka huko kwa miguu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga na shaba. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ilikuwa kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba mwaka huo, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya. Wanafunzi wa Kiswahili wanamjua zaidi Krapf kwa kamusi yake iliyochapishwa London mwaka 1882. Wachache hukumbuka kwamba mtu huyo wa kamusi alikula na kulala Kitui, na kwamba Kivoi aliuawa mwaka 1851 walipokuwa safarini pamoja karibu na Mto Tana. Njia za misafara zilikuwapo, basi. Reli ilipokuja ikachagua njia nyingine, na biashara ikaifuata reli kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama.

Ni ajabu, kwa hivyo, kwamba mtu aliyeipenda reli kuliko wote katika mji wa Kitui alikuwa mzaliwa wa Kitui ambaye hakuwahi kuajiriwa na reli hata siku moja. Alikuwa fundi wa saa. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko, na kwa zaidi ya miaka arobaini watu walimwita Fundi tu. Jina lake halisi lilijulikana na watu wa nyumbani kwake, na pengine na makarani waliompa kitambulisho. Katika kibanda hicho, pamoja na saa za watu zilizoning'inia kwenye misumari, palikuwa na ratiba ya treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa, iliyokatwa gazetini na kubandikwa ukutani. Kila jioni, saa moja, alitazama saa yake ya mkononi na kumwambia yeyote aliyekuwapo, "Sasa inaondoka Nairobi." Waliosikia walicheka. Kutoka kibandani hapo hadi stesheni ya karibu ni safari ya zaidi ya kilomita mia.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mdogo wake kwa miaka kadhaa. Urafiki wao ulianza kwa saa iliyosimama na ukaendelezwa na ubishi wa maneno. Fundi alisema "gari la moshi", Mwalimu akamsahihisha kwamba kamusi zimekwisha kuliunganisha kuwa "garimoshi". Fundi alijibu kwamba wazazi wao waliliita kwa Kikamba ngalĩ ya mwaki, gari la moto, na kwamba hao waliuona moto kabla ya wenye kamusi kuuona moshi. Siku nyingine ubishi ulihusu taruma, ule ubao au chuma kinacholala chini ya reli, na kiberenge, kile kigari kidogo cha wakaguzi wa njia. Mwalimu alikuwa amefundisha maneno hayo miaka mingi bila ya kuyaona. Fundi alikuwa ameyaona. Mwalimu alikuwa mwepesi wa kukiri jambo hilo kila walipokuwa wawili, na mzito wa kulikiri mbele za watu.

Fundi aliionea reli kwa mara ya kwanza Kibwezi, mwaka 1956, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Alikuwa amefuatana na mjomba wake na punda watatu waliobeba kunde na asali. Wakati huo ndipo Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa limeleta vichwa vipya vya treni vya daraja la 59, aina ya Garratt, vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Vilikuwa 34 kwa jumla. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 250, na hadi leo hutajwa kuwa vichwa vikubwa kuliko vyote vya mvuke vilivyopata kutembea juu ya reli ya upana wa mita moja. Mjomba alishika masikio. Punda walikata kamba. Kijana alisimama na kusoma maandishi yaliyokuwa ubavuni mwa chuma kile, kwa maana kila kichwa kilikuwa kimepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Tangu siku ile alianza kuyakusanya majina hayo, na uzeeni aliweza kuyataja pamoja na namba zake: 5918, Gelai, 5930, Shengena. Hivi viwili vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, na Fundi aliwahi kwenda kuvitazama mara nne kwa nauli yake mwenyewe.

Mwezi wa Aprili 2017 treni ya abiria ya reli ya zamani ilifanya safari yake ya mwisho kati ya Nairobi na Mombasa. Fundi hakuibandua ile ratiba ukutani. Aliendelea kutazama saa jioni, ila hakusema neno. Katika mwaka uliofuata, daktari alimweleza kwamba macho yake yalikuwa yakifa kwa presha, na kwamba kilichopotea hakingerudi. Kwa fundi wa saa hiyo ni hukumu. Alifunga kibanda, akawarudishia watu saa zao, nyingine zikiwa bado zimesimama, kisha akaenda nyumbani kwa Mwalimu na kumwomba jambo moja: ampeleke kando ya reli kabla giza halijatimia.

Waliondoka Kitui mwezi wa Agosti 2018, alfajiri, kwa Peugeot 504 ya Mwalimu, gari ambalo umri wake uliwafanya watoto wa shule walisalimie kwa heshima. Barabara ya kwenda Kibwezi ilikuwa katika hali ya mpito: kazi ya kuitia lami ilikuwa ikiendelea, na katika sehemu nyingi wasafiri waligeuzwa kwenye vijia vya vumbi jekundu. Walipita Ikanga. Walipita Mutomo, ambako miamba mikubwa hutokeza ardhini kama migongo ya viboko. Mito ilikuwa mikavu, na wanawake na wavulana walikuwa wakichimba visima vya mchanga katikati yake, punda wakisubiri na madumu ya manjano mgongoni. Fundi alikaa mbele, begi la ngozi likiwa mapajani pake. Alikataa liwekwe nyuma.

Ilikuwa baada ya Ikutha, walipoukaribia Mto Athi na ukuta mrefu wa nyanda za juu za Yatta, ndipo alipoeleza sababu ya safari. Mwalimu alikuwa amedhani ni treni.

"Babu yangu aliifuata njia hii hii," Fundi alisema. "Mwaka wa Ngomanisye."

Kila Mkamba aliyelelewa na wazee amelisikia jina hilo. Ngomanisye ni njaa kuu iliyoipiga Ukambani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, makali yake yakiwa kati ya 1898 na 1899. Sotoka ilikuwa imekwisha kuwamaliza ng'ombe, mvua zikakosa kunyesha, kisha ndui ikaja juu ya njaa. Na ilikuwa ni katika miezi hiyo hiyo ambapo reli ilikuwa ikiikata nchi ya Makueni, hatua kwa hatua, ikitoka Tsavo kwenda Nairobi, ilikofika Mei 1899. Kwa hiyo nchi moja ilikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: upande huu watu wanakufa kwa kukosa chakula, na upande ule kambi inayosonga mbele ikiwa na magunia ya mchele na unga. Katika familia ya Fundi ilisimuliwa kwamba babu yake mzaa baba alimwacha mkewe mjamzito, akaondoka na wanaume wenzake kwenda kutafuta kibarua "kwenye chuma". Mtoto alizaliwa. Njaa ikaisha. Babu hakurudi.

"Hakuna aliyekuja kusema kafia wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Angekuja nani? Walioondoka naye hawakurudi vilevile."

Mwalimu alinyamaza, na gari likavuka daraja la Athi na kuingia Makueni.

Kibwezi ni mji wa zamani kuliko unavyodhaniwa na wapita njia. Wamisionari wa Kiskoti walijenga hapo mwaka 1891, miaka mitano kabla ya ujenzi wa reli kuanza, kisha wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Marafiki hao wawili hawakukaa sana mjini. Walikwenda moja kwa moja kwenye reli ya zamani. Nyasi zilikuwa zimeota kati ya mataruma, na chuma ambacho zamani kiling'aa kwa kusuguliwa na magurudumu kilikuwa kimeanza kuvaa kutu ya rangi ya kahawa. Fundi alipiga goti polepole, akaupitisha mkono wake juu ya reli mpaka vidole vilipokutana na kiungo, mahali ambapo chuma kimoja hukoma na kingine kuanza, pameachwa mwanya mwembamba.

Hapo alimpa Mwalimu somo ambalo halimo katika kamusi yoyote. Alieleza kwamba chuma hutanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi, na kwamba bila ya mwanya ule reli ingejipinda mchana. Gurudumu linapouruka mwanya hutoa mlio, na kwa kuwa vyuma vina urefu uliopimwa, mlio huja kwa kipimo. Msafiri mwenye saa aliweza kuhesabu milio na kuujua mwendo wa treni. "Hii reli ni saa," alisema. "Saa ndefu kuliko zote nilizopata kushika."

Walipokuwa bado pale, treni mpya ilipita kwa mbali juu ya tuta lake la udongo, ikielekea pwani. Reli hiyo ya upana wa milimita 1,435, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, vyuma vyake vimeunganishwa kwa kulehemu na treni yake ya abiria hufika mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Fundi hakuiona vizuri. Alitega sikio mpaka ilipopotea. Mwalimu alitarajia kusikia maneno ya dharau, kama wazee wengi wanavyokidharau kipya, lakini Fundi alisema tu, "Inapita vizuri. Haipigi." Kisha akaongeza kwamba Syokimau, yule nabii mwanamke wa Wakamba ambaye husimuliwa kuwa aliitabiri reli kama nyoka mrefu atakayetoka kwenye maji na kwenda kwenye maji mengine, alikuwa amesema kweli yote isipokuwa moja. Hakusema nyoka huyo angewameza akina nani.

Usiku walilala Makindu. Jina la mji huu lingewafurahisha watu wa pwani, kwa maana makindu ni yale yale ambayo ukili wake husukwa mikeka na vikapu. Marafiki hawa walilala katika hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi katika reli, na ambalo hadi leo humpa msafiri yeyote chakula na malazi bila ya kumuuliza dini wala kabila. Atakaye hutoa sadaka. Walivua viatu, wakafunika vichwa kwa vitambaa, wakaketi pamoja na madereva wa malori, familia ya Kihindi iliyotoka Nairobi na vijana wawili waliokuwa wakitafuta kazi Mombasa. Wote walipakuliwa dengu, chapati na chai ya maziwa. Fundi alikula kwa utulivu, kisha akamuuliza mzee mmoja wa hekalu kama kulikuwa na orodha ya Wahindi waliokufa wakiijenga reli.

Swali lilikuwa na uzito wake. Vibarua walioletwa kutoka India kuijenga reli hiyo walikuwa takriban 32,000, na takriban 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama. Hesabu hiyo huandikwa katika kila kitabu. Mzee wa hekalu alitikisa kichwa. Alisema wa kwao walihesabiwa, lakini kuhesabiwa si kujulikana, na wengi hata wao hawawajui. Fundi alimshukuru. Baadaye, walipokuwa wamejilaza, alimwambia Mwalimu gizani, "Hata namba ni heshima. Wale walikuja kwa mkataba, karani akaandika. Mtu aliyetoka Kitui kwa miguu na njaa, nani alimwandika?"

Siku ya pili walifuata barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi, malori yakiwapita kama hasira. Walipita Simba, stesheni ambayo jina lake halihitaji mfasiri. Walipita Emali. Sultan Hamud walisimama kunywa chai, na Mwalimu akapata nafasi yake ya kufundisha: mji huo wa Ukambani umepewa jina la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar kati ya 1896 na 1902, ambaye husimuliwa kuwa alifika kuitazama reli ilipokuwa imefika mahali hapo. Sultani alikuja, akaona, akarudi zake, na jina lake likabaki juu ya ubao wa stesheni kwa zaidi ya karne. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ya kejeli, alikaa siku ngapi.

Waliwasili Kima saa sita mchana. Hapa ndipo, mwezi wa Juni 1900, ofisa wa polisi Charles Ryall alipouawa na simba ndani ya behewa. Simba huyo alikuwa amewasumbua watu wa stesheni, na Ryall pamoja na Wazungu wenzake wawili waliamua kumvizia usiku wakiwa katika behewa lililoegeshwa kando. Ryall, aliyekuwa na zamu, alishikwa na usingizi. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma, mlango ukajifunga nyuma yake, na mnyama akatoka na Ryall kwa dirishani. Behewa lenyewe limehifadhiwa Nairobi, katika jumba lile lile la makumbusho, na kisa hiki hurudiwa kila mahali pamoja na kile cha simba wa Tsavo waliouawa na Patterson mwaka 1898, ambao ngozi zao ziliishia katika jumba la makumbusho la Field kule Chicago.

Watu husema kwamba jina Kima lilitokana na tukio hilo, ati Ryall alifanywa kima, yaani nyama ya kusaga. Mwalimu hakuweza kuiacha hadithi hiyo ipite. Alieleza kwamba masimulizi ya tukio lenyewe yanaitaja stesheni kwa jina hilo hilo. Ryall alikuja Kima, hakuja mahali pasipo na jina. Huo, alisema, ni mfano wa watu kupata neno kwanza kisha kulitafutia kisa. Kiswahili kina kima wa nyama na kima wa mwituni, na Kikamba nacho kina maneno yake. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili.

"Umesema vyema," Fundi alijibu. "Basi hata wewe umeona. Mzungu mmoja kaliwa, watu wakampa mpaka jina la mji lisilo lake."

Alifungua begi la ngozi na kutoa daftari la shule lenye jalada la samawati lililochakaa. Ndani yake, kwa ile hati ndogo na nyoofu ya mtu aliyezoea kushika vitu vidogo, kulikuwa na majina. Kwa miaka zaidi ya thelathini, kila mteja mzee aliyekuja kibandani alikuwa ameulizwa swali moja saa yake ikitengenezwa: katika ukoo wenu, yuko aliyekwenda kwenye chuma asirudi? Wengi walisema hapana. Waliosema ndiyo waliandikwa: jina la aliyepotea, jina la baba yake, ukoo, kijiji, na jina la aliyesimulia. Pengine jina lilikuwa moja tu bila ya la baba. Pengine palikuwa na ukoo na kijiji tu, na mahali pa jina pameachwa wazi, nafasi ya neno moja, kama ule mwanya kati ya vyuma viwili.

Mwalimu alilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa akiwa ameegemea gari. Kisha akasema jambo ambalo msomi yeyote angelisema: kwamba hayo yalikuwa masimulizi ya kurithi, yamepita vinywa vitatu au vinne, hayana waraka wa kuyathibitisha, kwamba huenda baadhi ya watu hao walikufa kwa ndui njiani bila ya kuiona reli, na wengine walifika Mombasa wakaoa huko na kuanza maisha mapya. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Fundi hakukasirika. "Ryall alijiandika mwenyewe?"

"Hapana. Waliandika waliokuwapo."

"Na waliokuwapo wa kwetu hawakujua kuandika. Wakasema. Sasa mimi nimeandika walichosema. Kosa liko wapi?"

Mwalimu alijaribu kumweleza tofauti kati ya kumbukumbu na ushahidi. Fundi alimwacha amalize. Halafu akamwomba ayasome majina yale kwa sauti, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza tena kuuona mwandiko wake. Hakutaka maombi wala hotuba. Mwalimu alisoma pale pale, kando ya stesheni iliyonyamaza, malori yakivuma kwa mbali barabarani. Alipofika penye nafasi tupu, alisita asijue la kufanya. "Taja kijiji," Fundi alimwambia. "Wa kijijini wenzake watamjua." Kazi hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kikombe cha chai.

Kulikuwa na jina moja ambalo Mwalimu hakuliona katika daftari, na alipomaliza aliuliza babu yake Fundi yuko ukurasa gani. Fundi alisema hakuwahi kumwandika. Mwalimu alidhani amesahau. Lakini desturi ya Wakamba ni kwamba mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa babaye, na Fundi alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza. Jina la aliyekwenda kwenye chuma lilikuwa ndilo jina lake. Alikuwa amelibeba kwa miaka sabini na saba, na kwa arobaini kati ya hiyo hakuna mtu sokoni aliyelitumia. "Mimi ndiye ukurasa," alisema, akacheka, akaingia garini.

Walirudi Kitui kwa njia ya Machakos. Giza la macho lilitimia mwaka uliofuata. Fundi aliendelea kuishi kwa masikio, akiujua usiku kwa milio ya saa mbili alizobaki nazo, na Mwalimu akawa anakwenda kwake kila Jumamosi kunakili daftari lile kwa mwandiko mkubwa, akiuliza na kusahihisha. Hapo ndipo ubishi wao ulipofika mahali pa kukubaliana. Mwalimu aliongeza safu mbili katika nakala: moja ya jinsi habari ilivyopatikana, nyingine ya mambo yasiyo na hakika. Fundi alikubali safu hizo kwa sharti kwamba hakuna jina litakalofutwa kwa sababu ya safu.

Fundi alifariki mwaka 2021. Wapanga mazishi walipotengeneza karatasi ya ratiba waliandika jina ambalo mji mzima ulilijua, Fundi wa Saa, na chini yake mabano yenye jina la ubatizo. Mwalimu aliomba libadilishwe. Palikuwa na mvutano kidogo, kwa maana wengine waliona kwamba waombolezaji hawangejua ni nani anayezikwa. Mwishowe jina la Kikamba liliandikwa la kwanza na kwa herufi kubwa, na ndilo lililochongwa juu ya kaburi. Wengi waliokuja waliulizana kwa minong'ono. Wapo waliodhani wamekosea boma.

Jina hilo limeachwa nje ya ukurasa huu kwa ombi la wajukuu wake, wanaopenda lisomwe kwanza pale lilipochongwa. Lakini yafaa wasomi wa Kiswahili na wa fasihi simulizi walitafakari jambo lenyewe. Chuma kilichotoka Manchester kilipewa jina la mlima na namba. Sultani aliyepita alipewa mji. Ofisa aliyesinzia zamu alipewa behewa la makumbusho. Waliobaki waliachiwa vinywa vya jamaa zao, na vinywa hufa. Vyuo vyetu vina wanafunzi wengi wanaotafuta mada za utafiti, na vijiji vya Kitui na Makueni bado vina wazee wachache waliosikia habari za Ngomanisye kutoka kwa walioiona. Kumwendea mzee kama huyo si lazima uwe na kinasasauti cha bei. Fundi alitumia daftari la shule, na swali moja aliloliuliza kwa adabu saa ya mtu ikiwa mikononi mwake.

Mpaka leo, nakala ya Mwalimu inaendelea kukua. Majina huletwa na watu waliosikia habari zake, mara nyingine baada ya ibada, mara nyingine kwa simu kutoka Mutomo au Kyuso. Safu ya mambo yasiyo na hakika imejaa kuliko nyingine zote. Nafasi tupu bado zipo, na Mwalimu huziacha kama zilivyo, upana wa neno moja.